Namba ya Tagi Isimtie Mtu Hatiani

Kengele za kuzuia wizi, zile zinazopiga king'ora mlango ukifunguliwa au mtu akipita ndani pasipo na idhini, si vyombo vigeni tena katika maduka, afisi, hoteli na baadhi ya nyumba za visiwani petu. Zamani zilizimwa kwa ufunguo wa chuma. Baadaye zikaja za kubonyeza tarakimu nne katika kisanduku cha ukutani. Siku hizi nyingi miongoni mwazo huuzwa pamoja na kidude kidogo cha plastiki, mfano wa kifungo cha koti, kinachotiwa katika pete moja na funguo za mlango. Mwenye nyumba anapoingia hukisogeza karibu na kisanduku, na kengele hutulia. Mafundi hukiita tagi, nasi katika safu hii tutakiita kwa jina hilo.

Tagi ina sifa zake, na ndiyo maana imependwa. Mzee asiyekumbuka tarakimu haimsumbui, mtoto atokaye skuli hupewa yake, na aliyebeba kikapu cha sokoni hana haja ya kuhangaika na vitufe. Lakini sifa ambayo wauzaji huitangaza kuliko zote ni nyengine. Kila mkaazi wa nyumba na kila mtumishi hupewa tagi yenye namba yake, na mtambo huweka kumbukumbu ya kila tagi iliyozima au kuwasha kengele, pamoja na tarehe na saa. Muuzaji humwambia mteja kwamba tangu siku hiyo atamjua kila aingiaye na saa aliyoingia.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufanya tuandike. Si kauli ya kweli kwa tagi za aina iliyoenea na iliyo rahisi kununuliwa. Mtambo hauandiki nani aliyeingia. Hauandiki hata ni tagi ipi iliyosogezwa. Huandika namba uliyoisikia, basi. Na namba hiyo yaweza kunakiliwa kwa muda wa sekunde chache na mtu asiyekuwa na elimu yoyote ya ufundi. Kauli hiyo ikiachwa isadikiwe majumbani, katika vituo vya polisi na hatimaye mahakamani, watakaoumia mwanzo ni mayaya, wapishi, walinzi na wafanyakazi wa hoteli, ambao majina yao ndiyo yaliyoandikwa mbele ya namba hizo.

Yafaa tueleze kidogo namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Ndani ya tagi hamna betri. Mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na chipu iliyo ndogo kuliko punje ya mchele. Kisanduku cha ukutani nacho kina waya wake uliozungushwa, unaotoa mawimbi ya masafa ya kilohezi 125. Tagi ikikaribia, mawimbi yale huipa umeme kidogo, nayo mara huanza kutaja namba yake: alama 64 za moja na sifuri, ambazo 40 kati yake ndizo namba yenyewe, na zilizobaki ni za kuonyesha mwanzo na mwisho na kuhakikisha kwamba hapana alama iliyosikika vibaya. Ikimaliza huanza tena, na huendelea hivyo muda wote iwapo ndani ya mawimbi. Chipu ya namna hii, ambayo mafundi huijua kwa jina la EM4100, haiulizi ni nani anayeisikiliza, wala haina neno la siri. Kisomaji chochote cha masafa hayo, kiwe cha mwenye nyumba au cha mpita njia, kikiipa umeme itajitaja.

Tuitazame desturi yetu ya kubisha hodi. Aliyeko ndani huuliza, "Nani?" na aliyeko nje hujibu kwa jina lake. Mlango hufunguliwa kwa sababu aliyeko ndani ameitambua sauti, si kwa sababu amelisikia jina. Mtambo wa kengele hauna masikio ya namna hiyo. Husikia jina tu, na yeyote atakayelitaja atafunguliwa.

Muuzaji akibanwa hujibu kwamba namba zinazoweza kuandikwa kwa alama 40 ni zaidi ya trilioni moja, na kwamba mwizi akae umri wake wote akibahatisha hataipata iliyo sahihi. Hesabu yake ni sawa, lakini mwizi habahatishi, hunakili. Zipo mashine za mkononi za kunakilia tagi ambazo bei yake haipiti bei ya simu ya kawaida ya vitufe, na zipo tagi tupu, nyingi zikitumia chipu iitwayo T5577, zilizotengenezwa makusudi ziandikwe namba yoyote. Husogezwa tagi ya asili na kubonyezwa kitufe; husogezwa tagi tupu na kubonyezwa kitufe cha pili; kazi imekwisha. Kitendo hicho hakiachi alama yoyote. Tagi ya asili haikupotea wala haikukwaruzwa, na mwenyewe hana njia ya kujua kwamba sasa ana mwenzake. Tena tagi nyingi za aina hii zimechapwa namba yake mgongoni kwa tarakimu zinazosomeka, kwa hivyo hata picha ya simu iliyopigwa wakati funguo zimelala juu ya meza humtosha mwenye nia mbaya. Twastaajabu ni nani aliyeona ni busara kuichapa siri ya ufunguo juu ya ufunguo wenyewe.

Hata hivyo tusitiane hofu kupita kiasi. Wezi wengi wa majumbani bado hutumia mtaimbo, dirisha lililoachwa wazi au mlango wa uani usiotiwa komeo, na king'ora kinachowalilia hao kinafanya kazi iliyonunuliwa kufanya. Tagi ya kunakili haifungui mlango. Huinyamazisha kengele tu. Kwa hivyo anayehangaika kuinakili ni mtu anayeijua nyumba, aliyekwisha kupata njia ya kuingia, na anayetaka isijulikane kuwa ameingia. Wizi wa namna hiyo ni mchache. Lakini ndio wizi ambao mwenye nyumba, akiona mlango haukuvunjwa, huirejea kumbukumbu ya mtambo ili apate jina, na hapo ndipo tunapoiona hatari kubwa.

Tuchukue mfano wa kuelezea tu. Dhahabu ya bibi harusi imepotea, mlango ni mzima, king'ora hakikulia. Fundi anaitwa, anasoma kumbukumbu, na inaonekana kwamba kengele ilizimwa saa 8:20 usiku kwa tagi namba 4, nayo tagi namba 4 ni ya mtumishi. Mtumishi anasema usiku ule alikuwa kwao. Anaulizwa iwapo tagi yake ilipotea. Anajibu kwa ukweli kwamba haikupotea, anaitoa mfukoni na kuionyesha. Jibu hilo la kweli ndilo linalommaliza, kwa sababu kila aliyemo chumbani anajiuliza ni nani mwengine basi angeweza kuitumia. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako hutajwa upesi katika nyumba kama hiyo. Hapana wa kumweleza mkuu wa kituo kwamba namba ile ingeweza kunakiliwa na aliyeufunga mtambo, au na jamaa wa nyumba, au na mtu yeyote aliyewahi kuachiwa funguo zile kwa dakika moja wakati wa kuosha gari. Mtumishi hana fedha za wakili, na fundi aliyeitwa kusoma mtambo ni yule yule aliyeuuza na kuusifu.

Yaliyogunduliwa katika hoteli za dunia yanatuonyesha kwamba jambo hili si la kubuni. Mwezi wa Machi 2024 kikundi cha watafiti kilitangaza kasoro waliyoiona katika vitasa vya umeme viitwavyo Saflok, vya kampuni ya dormakaba, vilivyofungwa katika milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131. Watafiti hao walieleza kwamba mtu akiipata kadi moja tu ya hoteli, hata iliyokwisha muda wake, aliweza kutengeneza jozi ya kadi za kufungua kila chumba cha hoteli ile. Kampuni ilikuwa imearifiwa tangu Septemba 2022, na siku ya tangazo ni kiasi cha asilimia 36 tu ya vitasa vilivyokuwa vimerekebishwa au kubadilishwa. Habari hiyo ilipoenea, iliyozungumzwa sana ni hofu ya wageni wanaolala vyumbani. Lakini watafiti wenyewe waliandika jambo jengine lililopita kimya kimya: kwamba kwa sababu ya kasoro ile, kumbukumbu za kitasa zinaweza kuonyesha kuwa mlango umefunguliwa kwa kadi isiyokuwa yenyewe, au na mfanyakazi asiyehusika.

Sisi wa visiwa hivi yatupasa tuisome sentensi hiyo mara mbili. Vijana wetu wengi wanapata riziki kwa kutandika vitanda na kusafisha vyumba vya wageni. Mgeni akikosa kamera au fedha zake, ni kawaida kitasa kisomwe ili ijulikane kadi ya nani iliingia mwisho. Hatusemi kisisomwe. Tunasema anayekisoma ajue kwamba anasoma neno la mashine, na kwamba mashine za aina hiyo zimekwisha kuonekana zikidanganywa.

Nchi nyengine zimejifunza somo hili kwa gharama kubwa. Huko Uingereza wasimamizi wa posta ndogo ndogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa makosa ya wizi na hesabu za uongo, kwa kutegemea kompyuta iliyoitwa Horizon ambayo baadaye ilithibitika kuwa na kasoro. Baadhi yao walifungwa. Haikuwa hadi mwezi wa Mei 2024 ambapo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba zamani sheria ya huko, ya mwaka 1984, ilimtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa kabla ya maneno yake kukubaliwa. Sharti hilo likaondolewa kwa sheria ya mwaka 1999, na tokea hapo mashine ikachukuliwa kuwa msema kweli mpaka mshtakiwa aonyeshe kinyume chake. Msimamizi wa posta kijijini angewezaje kuonyesha kinyume cha kompyuta asiyoruhusiwa hata kuifungua? Na yaya atawezaje?

Kwetu sisi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki iliyotungwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano mwaka 2015 ina maneno ya hekima katika jambo hili. Inaelekeza kwamba uzito wa ushahidi wa namna hii upimwe kwa kutazama jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na pia jinsi aliyeitoa alivyotambuliwa. Hilo la mwisho ndilo hasa linaloanguka katika tagi ya kujitaja. Aliyeitoa taarifa hakutambuliwa hata kidogo. Limesikika jina lake tu. Twaamini kwamba hakimu akielezwa hivyo ataelewa mara moja. Tatizo ni kwamba kesi nyingi za watumishi haziwafikii mahakimu. Mtu hufukuzwa kazi, hukatwa mshahara wake, husimangwa mtaani, na jina lake likaharibika pasipo na karatasi hata moja kuandikwa.

Sasa huenda msomaji akauliza: je, haiwezekani kutengenezwa tagi isiyonakilika? Yawezekana, na inauzwa. Ila njia ya kuifikia ilipitia makosa makubwa ambayo yafaa maofisa wanaoagiza vyombo vya Serikali wayajue.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikuwa ikiuza chipu ya kadi iitwayo Mifare Classic, ambayo haikujitaja ovyo. Ilikuwa na fumbo lake la hesabu, na kisomaji kisichokuwa na ufunguo wa fumbo hakikuweza kusoma yaliyofichwa ndani. Kadi za namna hiyo ziliuzwa kwa mamia ya mamilioni: za kupandia treni na mabasi ya London, za usafiri wa Uholanzi, na za kuingilia afisi nyingi. Fumbo lenyewe liliwekwa siri na kampuni, na siri hiyo ikahesabiwa kuwa ndiyo nguvu yake. Mwezi wa Disemba 2007, katika mkutano uliofanyika Berlin, watafiti Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza jinsi walivyoichuna chipu tabaka kwa tabaka, wakaipiga picha chini ya darubini, na kulisoma fumbo kutokana na umbo la chipu yenyewe. Miezi michache baadaye wanachuo wa Chuo Kikuu cha Radboud mjini Nijmegen walionyesha jinsi ya kuinakili kadi. Mwezi wa Machi 2008 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uholanzi ilimbidi aliarifu Bunge, kwa kuwa kadi hizo ndizo zilizokuwa zikifungua milango ya afisi za serikali yake.

Kampuni ya NXP, iliyorithi kazi hiyo kutoka Philips, ilikwenda mahakamani kuwazuia wanachuo wasichapishe utafiti wao. Tarehe 18 Julai 2008 mahakama ya Arnhem ilikataa ombi hilo. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba hasara ya kampuni haitokani na kuchapishwa kwa makala, bali inatokana na kutengenezwa na kuuzwa kwa chipu yenye kasoro. Tunaiona hoja hiyo kuwa ya haki. Wako watakaosema kwamba hata tahariri hii inawafundisha wezi. Wezi wanaohusika walijua zamani. Asiyejua ni mnunuzi, na asiyejua zaidi ni mtumishi anayetuhumiwa.

Lipo jambo ambalo Auguste Kerckhoffs aliliandika katika jarida la kijeshi la Paris mwaka 1883: kwamba chombo cha siri kijengwe kwa namna ambayo hata kikiangukia mikononi mwa adui hakitaleta madhara, na kitu cha kufichwa kiwe ufunguo peke yake. Kwa kanuni hiyo fumbo liitwalo AES, lililobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kufanywa kigezo cha serikali ya Marekani mwaka 2001, limechapishwa wazi ili kila mwanachuo duniani alijaribu. Tagi inayotumia fumbo la namna hiyo haitaji namba yake na kunyamaza. Mtambo huitegea kitendawili, kipya kila mara, nayo huteguliwa kwa ufunguo uliozikwa ndani ya chipu na usiotoka nje kamwe. Aliyesikiliza jibu la jana hana faida nalo leo, kwani kitendawili cha leo ni chengine.

Lakini kununua tagi ya namna hiyo peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanapopunjika. Mara nyingi mteja huuziwa tagi nzuri pamoja na kisomaji kisichojali uzuri wake, ambacho husoma namba ya utambulisho ya chipu tu, ile inayotajwa wazi kabla ya fumbo kuanza. Mteja amelipia kitendawili, na mtambo wake bado unafungua kwa jina. Aidha, chipu za kuiga zimejaa sokoni. Mwezi wa Agosti 2024 mtafiti Philippe Teuwen wa kampuni ya Quarkslab alitangaza kwamba ndani ya chipu ya FM11RF08S, iliyotengenezwa na kampuni ya Shanghai Fudan Microelectronics na kufanana na Mifare Classic, mlikuwa na ufunguo mmoja wa siri, ule ule katika kadi zote za aina hiyo. Kadi kama hizo hutumika katika afisi na hoteli za nchi nyingi, na aliyenazo si lazima ajue ni za kiwanda gani.

Vile vidude vyengine vya kubonyeza kwa mbali, yaani rimoti za kuzimia kengele, vina maradhi yake mbali. Hivyo hutoa ishara ya redio inayosikika mbali na mkono wa mwenyewe, na kama ishara ni ile ile kila siku, anayeinasa huweza kuirudia. Mwezi wa Februari 2016 Andrew Zonenberg wa kampuni ya IOActive alieleza kwamba ishara ya kuzimia kengele za SimpliSafe zilizouzwa Marekani wakati huo iliweza kunaswa na kurudiwa, na kwamba chipu za vyombo vile hazikuweza kuandikwa upya, kwa hivyo dawa ilikuwa kuvibadilisha. Mwezi wa Agosti 2021 kampuni ya Rapid7 ilitangaza kasoro kama hiyo katika rimoti za mtambo wa Fortress S03, ikawashauri wenye hofu waache kuzitumia. Hatuna haja ya kuendelea; mwenye rimoti amwulize fundi wake iwapo ishara hubadilika kila inapobonyezwa.

Je, turudi kwenye tarakimu za kubonyeza? Hatusemi hivyo. Tarakimu nazo huambiwa jirani, huandikwa nyuma ya mlango, na vitufe vinne vinavyoshikwa kila siku huchakaa kuliko vyengine na kujitangaza. Ushauri wetu ni kwamba mitambo inayoruhusu itengenezwe ili kengele isizimwe isipokuwa kwa tagi na tarakimu kwa pamoja, hasa nyakati za usiku. Tagi iliyopotea ifutwe katika mtambo siku hiyo hiyo, na ya mtumishi aliyeacha kazi vile vile. Hilo ni kinga kwake yeye kama ilivyo kinga kwa nyumba. Namba iliyochapwa mgongoni ikwanguliwe. Funguo za nyumba zisiachwe pamoja na za gari kwa mwoshaji. Na mwenye nyumba asikubali kuandikiwa neno "tagi ya kisasa" katika ankara. Aandikiwe jina la chipu na jinsi mtambo unavyoisoma.

Upande wa Serikali, tuna mambo ya kuomba. La kwanza ni zabuni. Afisi za umma zinapoagiza mitambo ya kengele na ya milango, masharti yataje waziwazi kwamba tagi ziwe za kujibu kitendawili kwa fumbo lililochapishwa, na kwamba kisomaji kilitumie fumbo hilo. Mzabuni alionyeshe hilo mbele ya wakaguzi kabla ya kulipwa. Gharama ya nyongeza kwa kila tagi ni ndogo, na haiwezi kulinganishwa na gharama ya kubadilisha mtambo mzima baadaye, kama walivyolazimika wengine. La pili ni viwango. Taasisi ya Viwango Zanzibar ina uwezo wa kuweka kiwango cha vyombo hivi vinavyoingia bandarini petu, angalau kumlazimisha muuzaji aandike juu ya pakiti iwapo tagi yake inanakilika au hainakiliki. Uingereza, tokea tarehe 29 Aprili 2024, imepiga marufuku vyombo vya nyumbani vya kuunganishwa na intaneti kuuzwa vikiwa na neno la siri moja kwa wote, na imemtaka mtengenezaji aseme ni kwa muda gani atavirekebisha kasoro zake. Umoja wa Ulaya nao umetunga sheria mwaka 2024 ambayo masharti yake makuu yataanza kushika Disemba 2027. Vyombo visivyotakiwa tena katika masoko hayo vitatafuta masoko mengine, na visiwa vinavyoagiza karibu kila kitu kwa meli havina budi kujihadhari.

La tatu ni la Jeshi la Polisi na la wenye hoteli. Kabla ya mtu kuwekwa ndani au kufukuzwa kazi kwa sababu ya namba iliyosomwa katika mtambo, aitwe fundi asiyekuwa yule aliyeuuza, na aulizwe mambo matatu: chipu iliyomo ndani ya tagi hii ni ya aina gani, mtambo husoma nini kutoka kwayo, na ni watu gani waliowahi kuishika tangu ilipotolewa. Kisha apewe tagi hiyo na mashine ya kunakilia, mbele ya ofisa na mbele ya mtuhumiwa, ajaribu kuinakili. Kama nakala yake itaizima kengele, na mtambo ukaandika tena jina la mtumishi aliyesimama pale mikono mitupu, matokeo hayo yaandikwe katika jalada pamoja na saa yalipotokea, na mtuhumiwa apewe nakala.